Hakuna "Dawa ya Pasheni"

Ndugu mkulima wa pasheni, ukiona jani limejikunja unakimbilia wapi? Dukani. Unasema, "Naomba dawa ya pasheni," unapewa pakiti ya dawa ya ukungu, unapulizia. Wiki ijayo unarudi kuchukua nyingine. Nakwambia wazi: hapo hutibu, unatupa fedha. Pasheni ina magonjwa kadhaa, na kila moja lina njia yake. Haya matatu ndiyo yanayomaliza mashamba.

1. Madoa ya kahawia
Madoa hutokea kwenye majani, shina na matunda. Doa la tunda hubonyea. Huu ni ukungu. Hapa ndipo dawa ya mankozebu au ya kopa inafaa, kwa kipimo cha lebo, na usivune kabla ya siku zilizoandikwa. Lakini punguza matawi kwanza. Dawa haipenyi kwenye kichaka, na unyevu wa humo ndio unaolea ukungu.

2. Virusi
Majani yana mabaka ya kijani na njano, yamekunjamana. Matunda ni madogo, yamepinda, ganda nene na gumu kama ubao, ndani juisi kidogo. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuponya. Ng'oa mmea mzima. Vidukari huhamisha virusi kwa muda mfupi sana, hata dawa ya wadudu haiwawahi. Kisu cha kupogolea nacho husambaza, kwa hiyo kioshe kwa jiki kila unapohama mmea.

3. Mnyauko fuzari
Mmea unanyauka ilhali udongo una maji. Kata shina karibu na ardhi: ndani utaona rangi ya kahawia. Kuvu huyu huingilia mizizini na hudumu udongoni miaka mingi. Kupulizia majani hapa ni sawa na kumpaka mafuta mgonjwa wa tumbo. Kinga ni kupanda pasheni ya zambarau iliyobebeshwa juu ya shina la pasheni ya njano, linalostahimili zaidi.

Utaniambia, "Mmea wenye virusi bado unazaa, niung'oe kweli?" Ng'oa. Vikilo viwili unavyovionea huruma vitakugharimu mstari mzima, kisha na shamba la jirani.

Na wewe mwenye duka la pembejeo, usiuze pakiti kabla hujaona jani, tunda na kipande cha shina. Ukimwambia mteja "hii haina dawa, kang'oe," utakosa mauzo ya leo. Lakini mkulima aliyefilisika hatarudi kwako msimu ujao. Muuza miche, usichukue vikonyo kwenye mmea mgonjwa. Huko ni kuuza ugonjwa kwa bei ya mche.

Kesho asubuhi, kabla hujabeba bomba mgongoni, ingia shambani na kisu. Kata, tazama, ndipo uamue.