Mkono nao ni duara, ukiuchimba kwa pupa unatitia

Najua huku kwetu Geita ukitaja besiboli watu wanakutolea macho. Mchezo wa magongo na kapelo, sisi wapi na wapi! Subirini kidogo, maana habari ya leo inamhusu mzazi wa Katoro na wa Nyarugusu sawasawa na mzazi wa Texas.

Kwenye besiboli kuna mtu anaitwa mrushaji. Anasimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja na kumvurumishia mpira mwenye gongo. Mpira ukiwa wa moto, mwenye gongo anapiga hewa. Mrushaji mwenye mkono mzuri ni mali, na majirani zetu Waganda wameligundua hilo zamani. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu kwenda Marekani kwenye fainali za dunia za watoto, wakanyimwa viza kwa matatizo ya vyeti vya kuzaliwa. Mwaka 2012 wenzao wa Lugazi wakafika Williamsport, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ikawasaini warushaji wawili wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates ikamnasa David Matoma, kijana wa miaka 17 tu, ambaye mpira wake unapita kilomita 150 kwa saa. Hiyo kasi hata basi la Mwanza haliioni!

Kusikia hivyo mtu anasema, basi, kijana kaula. Polepole jamani. Msikilizeni David Clyde.

Huyu alikuwa mwanafunzi wa Houston, Texas. Mwaka 1973 alishinda mechi 18 za shule bila kupoteza hata moja. Mwezi Juni klabu ya Texas Rangers ikamchagua wa kwanza nchi nzima na kumpa mshiko wa dola 125,000, pesa ya kutisha enzi hizo. Rangers walikuwa hoi, uwanja wao mtupu. Tajiri wa timu, Bob Short, akaona hapa kuna dili. Badala ya kumpeleka kijana ligi ndogo akakomae, Juni 27 akamwingiza moja kwa moja ligi kuu, akiwa na miaka 18, wiki chache tu baada ya kumaliza shule. Watu zaidi ya 35,000 walifurika. Clyde akashinda, 4 kwa 3, dhidi ya Minnesota.

Mpango ulikuwa arushe mechi mbili, kisha ashuke chini kujifunza. Lakini mageti yalikuwa yanaingiza hela, nani angemwachia? Wakambakiza. Kijana akaanza kupigwa, akajifunza pombe kwa wakubwa zake, bega nalo likaleta matatizo. Mechi yake ya mwisho ligi kuu ilikuwa mwaka 1979, na alipofikisha miaka 26 alikuwa ameshaachana na mchezo. Jumla alishinda mechi 18 na kupoteza 33. Mbaya zaidi, alipungukiwa siku 37 tu kutimiza muda wa kupata pensheni ya wachezaji. Siku 37! Akaenda kufanya kazi ya mbao.

Wana Geita mnaijua hadithi hii kwa jina lingine. Duara likitema, kila mtu ni ndugu yako. Wanachimba usiku na mchana, hakuna anayekumbuka kuweka magogo ya kuzuia udongo. Likititia, unabaki na familia yako. Hata mpirani tumeona: Geita Gold ilipanda ligi kuu mwaka 2021, msimu uleule George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na mwaka 2024 timu ikashuka. Neema ya michezo haikai.

Siku hizi ligi za watoto huko Marekani zinahesabu. Mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha mipira zaidi ya 85 kwa siku, hata kama timu inalia. Sasa nawauliza wazazi: wa kwenu nani anamhesabia? Yule anayebeba viroba vya mawe kupeleka karasha, yule anayechezeshwa mechi tatu kwa wiki za mbuzi na jezi, nani anamwambia leo basi, kapumzike?

Mdogo wangu mwenye kipaji, amalizie kidato cha nne anayekwambia uharakishe. Wewe maliza chako kwanza. Cheti chako cha kuzaliwa kitafute mapema, wale watoto wa 2011 watakwambia. Karatasi ya mkataba ipeleke kwa mtu anayejua kusoma sheria, asiwe yule anayesubiri asilimia zake. Na nyie wazazi, kabla hamjapokea bahasha, ulizeni swali moja tu: mkono ukikataa, huyu mwanangu atalipwa na nani?