Matone ya kufungua mboni: kwa nini macho yanaona ukungu



Juma hili tunajibu ulizo moja la macho: kwa nini munganga anakutia matone, kisha unaona vibaya kuliko ulivyoingia? Kuna wanaosema matone hayo yanaharibu macho, na kwa hofu hiyo wanakataa kupimwa. Tuelewane.

Tazama jicho la mwenzako. Lile doa jeusi la katikati ndilo mboni. Kweli si doa, ni tundu, kama dirisha la kupitisha mwangaza. Kwenye jua kali linajifunga hadi milimita 2 hivi, gizani linafunguka. Munganga akitaka kuona ukuta wa nyuma wa jicho, taa yake inalifanya lijifunge zaidi. Ndiyo sababu anatia matone. Baada ya dakika 20 au 30, mboni inakuwa pana na haijifungi hata mbele ya taa.

Ukungu unatokana na mambo mawili. La kwanza: nyuma ya mboni kuna lenzi, na musuli mdogo unaizunguka. Ukipitisha uzi kwenye sindano, musuli huo unakaza, lenzi inanenepa, unaona karibu. Matone mengi ya kupima macho yanaulegeza, basi huwezi kusoma, kushona wala kuhesabu franga vizuri. La pili: mwangaza unaingia mwingi kupita kiasi. Jua linaumiza, na miale inayopita pembeni ya lenzi inachafua picha.

Binti wa miaka 25 atasumbuka zaidi kuona karibu kuliko bibi wa miaka 60, kwa sababu lenzi ya bibi imekwisha kuwa ngumu kwa umri. Bibi atalalamikia jua zaidi.

Kwa mtu mzima, nguvu ya matone ya kawaida inaisha baada ya saa 4 hadi 6. Kwa wengine inafika kesho yake. Mtoto anaweza kupewa atropini, ambayo inakaa hata juma moja au mawili. Uliza munganga ametia dawa gani na itakaa muda gani.

Kwa nini tuvumilie? Kwetu Maniema tunajua upofu wa mto, ule unaoletwa na visubi wa kwenye maji yanayokwenda kasi. Vijidudu vyake vinaweza kuharibu nyuma ya jicho na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mectizan, ambayo kampuni ya Merck inaitoa bure tangu mwaka 1987, inaua vijidudu vichanga, lakini hairudishi macho yaliyokwisha kufa. Ugonjwa wa sukari na presha ya jicho pia vinaharibu huko nyuma polepole, bila maumivu. Mama anayekataa matone anaweza kurudi nyumbani na ugonjwa ambao ungeonekana mapema.

Basi tujipange:

- Usiende peke yako. Mwombe dada au jirani akushike mkono wakati wa kurudi, na usiendeshe pikipiki wala baiskeli.
- Usichague siku ya soko. Mauzo na hesabu viachie kesho.
- Chukua kofia au kitenge cha kukinga jua.
- Waachie wengine kisu, moto na kupima dawa ya mtoto mpaka macho yatulie.
- Mwambie munganga kama una mimba, unanyonyesha, au umewahi kuambiwa una presha ya jicho.
- Ukitiwa matone, finya polepole kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isishuke kooni.

Ukungu peke yake usikutishe. Lakini jicho likiuma sana, likiwa jekundu, ukitapika, au ukiona duara za rangi kuzunguka taa, rudi lopitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Inatokea mara chache, lakini presha ya jicho iliyopanda ghafula haingoji asubuhi.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kiulize nani ameambiwa apimwe macho na hajakwenda. Kisha mchagueni wa kumsindikiza.