Mkono wa Mtoto na Hesabu ya Mipira

Katika ukurasa huu wa malezi tumezoea kusema juu ya chuo, skuli na adabu za nyumbani. Mwezi huu twapenda kusema juu ya mchezo, tena mchezo ulio mgeni kwa wengi wetu hapa pwani, nao ni besiboli. Ndugu zetu waliohamia Marekani na Kanada hauwi mgeni kwao tena. Watoto wao huurudia kila baridi inapokwisha, na baba aliyekulia mpira wa miguu hujikuta amesimama kando ya uwanja asijue apige makofi wakati gani. Hata Uganda unachezwa, tena kwa ustadi, kama tutakavyoeleza.

Mwenye kuubeba mchezo huu ni mrushaji. Yeye husimama katikati ya uwanja, na katika michezo ya watoto huwa mbali na mwenye gongo kwa futi 46. Kazi yake ni kuutupa mpira kwa nguvu umpite huyo mwenye gongo, udakwe na mwenziwe aliyechutama nyuma. Mrushaji akiwa hodari, timu nzima hustarehe, na mwalimu wao hustarehe kuliko wote. Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kulisema, kwani mtoto mmoja mwenye mkono mzuri hugeuka kuwa tegemeo la watu wazima wengi, kila mmoja ana haja yake.

Mifupa ya mtoto haijakomaa. Penye kiwiko na bega, ncha za mifupa bado ni laini, kwa kuwa ndipo mahali pa kukulia. Kila mpira unaotupwa kwa nguvu huvuta mahali hapo. Mvuto mmoja hauna neno. Mivuto mia katika siku moja, na mia nyingine kesho kutwa, huumiza, na pengine huacha kilema ambacho hakionekani mpaka mtoto ameshakuwa kijana. Basi chama cha Little League, kilichoanzishwa mwaka 1939 katika mji wa Williamsport, Pennsylvania, kiliweka sharti mwaka 2007 kwamba mipira ya mrushaji ihesabiwe mmoja mmoja. Mtoto wa miaka 7 au 8 asizidishe mipira 50 kwa siku. Wa 9 au 10, mipira 75. Wa 11 au 12, mipira 85. Naye mtoto asiyezidi miaka 14 akirusha mipira 66 au zaidi, apumzike siku nne kamili kabla ya kurudi kurusha.

Sharti ni jema, lakini lina tundu. Mipira inayohesabiwa ni ile ya mchezoni tu. Ile aliyotupa asubuhi kupasha mwili moto, ile aliyotupa uani na kaka yake, na ile aliyoirushia timu ya pili siku ya Jumapili, hakuna anayeijumlisha. Mwalimu wa timu ya kwanza hajui ya timu ya pili, na pengine hapendi kujua. Anayeweza kujumlisha ni mzazi peke yake. Daftari la senti chache latosha: tarehe, mipira mingapi, na je, mkono ulimwuma? Wataalamu wa Marekani hushauri pia kwamba katika kila mwaka mtoto aache kurusha kwa muda usiopungua miezi minne. Acheze mpira wa miguu, aogelee, ama akae asome.

Twajua neno la mwalimu litakalojibiwa: "Mwenyewe amesema haumwi." Mtoto wa miaka 11 ambaye wenziwe wanamtazama, na baba yake yupo penye ua, hawezi kusema anaumwa. Mwalimu mwenye akili hamwulizi mbele ya watu, wala hangoji aambiwe, humtazama. Akiona mpira umeanza kwenda juu, na mkono umeshuka chini kuliko ulivyokuwa mwanzo, humtoa, japokuwa kwa kumtoa atashindwa. Mwalimu wa namna hii hapewi kikombe mara nyingi. Sisi tungempa mtoto wetu huyo.

Na kama mkono, hali kadhalika umri. Mwaka 2001 kijana mmoja wa timu ya Bronx, New York, alirusha mchezo mzima bila ya mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Akasifiwa nchi nzima. Kisha ikabainika kuwa ana miaka 14, na kikomo kilikuwa 12. Hati yake ilighushiwa na watu wazima, lakini jina lililosomwa magazetini lilikuwa lake yeye. Ushindi wote wa timu ukafutwa, na wenziwe wasio na kosa wakaupoteza pamoja naye.

Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda huko Poland, wakastahiki kwenda Williamsport. Wakanyimwa viza za Marekani kwa sababu ya hitilafu katika hati za umri wao. Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, ambao wangalipambana nao, wakafunga safari mpaka Uganda kuja kuucheza mchezo uliopotea. Jambo hili lilitupendeza sana. Na mwaka huo huo wa 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport, timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na wakawashinda watoto wa Gresham, Oregon, kwa 3 kwa 2.

Katika miji yetu bado wako wazazi wasiotafuta hati ya kuzaliwa ila mtoto anapotakiwa skuli, na hapo huandikwa mwaka wowote unaofaa. Enyi mama na baba, itafuteni mapema, iwe na tarehe ya kweli.

Limebaki la njiani kurudi nyumbani. Mtoto aliyeshindwa anajua kuwa ameshindwa, hana haja ya kuhesabiwa makosa yake garini. Mwulizeni kama ana njaa, na kama mkono wauma. Hapo hapana wa kumwonea haya, naye aweza kusema kweli.