SAFU YA FUNDI: Tone la Mafuta Chini ya Giaboksi



Mwezi huu twajibu swali la msomaji wa hapa Kenmore. Anayo Datsun 240Z ya mwaka 1972, na kila asubuhi hukuta doa la mafuta sakafuni. Gereji moja imemwambia kwamba giaboksi nzima yapasa kubadilishwa. Anauliza: je, ni lazima? Jawabu letu ni kwamba huenda ugonjwa ni sili tu, pete ya mpira ya dola chache. Lakini kabla ya kununua hata hiyo sili, yampasa ajue mafuta yatoka wapi, na kwa nini.

Wazee wetu wa Afrika Mashariki walijua sifa za gari hili. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari lililostahimili tope na vumbi la mashindano yale si la kuhukumiwa haraka. Aghalabu kinachochakaa mwanzo ni mpira. Kwa umri na joto hukauka ukawa mgumu, na gari linalolala miezi yote ya theluji ya Buffalo huzidi kukaukiwa, kwa kuwa mdomo wa sili haupati mafuta.

Kwanza, tambua mafuta. Ya gia ni mazito na yana harufu kali ya kiberiti. Ya injini aghalabu ni meusi na mepesi zaidi. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu sili ya nyuma ya injini na sili ya mbele ya giaboksi zote humwagia ndani ya ganda moja, lile la klachi. Abadilishaye moja hali inayovuja ni nyingine amepoteza siku yake na fedha zake. Safisha giaboksi yote, ikaushe, endesha maili chache, kisha tazama unyevu waanzia wapi: mbele, mkiani inapoingia propela shafti, penye waya wa kipima mwendo, au penye fimbo ya kubadilishia gia.

Pili, tafuta sababu. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka. Tundu likizibwa na uchafu, hewa husukuma mafuta yapite kwenye sili, hata iwe mpya. Kujaza mafuta kupita kiasi nako huleta uvujaji. Kisha tikisa shafti: ikicheza, bushi au beringi imekwisha, na sili mpya haitadumu. Pitisha ukucha juu ya shafti. Ukinasa kwenye mfuo, sili yataka kukaa mahali pengine kidogo, au shafti ivishwe pete nyembamba ya chuma.

Tatu, ndiyo kazi yenyewe. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Legeza kizibo cha kujazia kabla ya kumwaga mafuta, usije ukabaki na giaboksi tupu isiyojazika. Sili ya mkiani hubadilishwa giaboksi ikiwa mahali pake: tia alama, fungua bolti nne za propela shafti kwenye difu, uivute itoke. Ng'oa sili kuukuu bila kukwaruza chuma. Mpya ipake mafuta mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani, uigonge taratibu kwa bomba la upana wake ili iingie sawasawa. Sili ya mbele hudai giaboksi ishushwe. Basi ukishaishusha, kagua klachi na beringi yake. Usiahirishe hiyo ya mbele, maana mafuta yakifika kwenye sahani ya klachi, klachi huteleza, na gharama huwa mara nyingi ya bei ya sili. Bandubandu humaliza gogo.

Mwisho, jaza mafuta ya daraja la GL-4, yanayofaa pete za shaba zilizo ndani, mpaka yafike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Machafu usiyamwage mtaroni: Mto Niagara u karibu nasi, na maji yake hunywewa. Sheria ya jimbo la New York yazitaka gereji za huduma na maduka makubwa yauzayo mafuta ya magari kupokea mafuta machafu bila malipo, hadi galoni 5 kwa siku kwa mtu mmoja. Wenzetu wa Columbus na Louisville waulize utaratibu wa kwao.

Basi, ndugu yetu, kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole mahali mafuta yatokapo, na akuandikie bei ya sili na ujira mbalimbali na bei ya giaboksi. Fundi mwaminifu hatachukia. Na akikataa kukuonyesha, gereji ni nyingi.

Hadi mwezi ujao, inshallah.