Uhamisho wa Askari na Tiba ya Mtoto

Tumeonelea leo tuwaandikie ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya kazi moja ya hospitali ambayo wengi hawaijui hata kwa jina, nayo ni tiba kwa vitendo kwa watoto. Kazi hii humhitaji mtoto kwa miezi na hata miaka, ilhali maisha ya askari ni ya kuhamahama. Mambo haya mawili yagonganapo, anayeumia ni mtoto ambaye hakula kiapo chochote cha utumishi.

Huenda askari akadhani kwamba jambo hili ni la akina mama na wauguzi. Sivyo. Huko Marekani chama cha kwanza cha wataalamu hawa kiliundwa mwaka 1917, mwaka uleule nchi hiyo ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1918 wanawake waliofunzwa kazi hiyo walipelekwa Ufaransa kuwahudumia majeruhi. Majeruhi walifundishwa kufuma na kuchonga mbao, ili mkono uliopoteza nguvu uzoee tena kazi. Uingereza nayo ilipata chuo chake cha kwanza mwaka 1930, pale Daktari Elizabeth Casson alipokifungua mjini Bristol. Elimu hiyo, iliyokuzwa sana na majeraha ya askari, ndiyo leo inayomwinua mtoto mkekani.

Kazi ya mtoto ni kula, kuvaa, kucheza na kujifunza, na hizo ndizo kazi ambazo mtaalamu huyu humrudishia. Aletewapo mtoto wa miaka miwili asiyeweza kukaa, humtazama kwanza bila kumgusa: ageukia upande gani, mkono upi haufunguki, macho yafuata nini. Kisha humkalisha, makalio nyuma kabisa ya kiti na nyayo zimekanyaga chini. Mtu apitaye mlangoni huona mchezo tu wa shanga na punje za mahindi, na tumewahi kuwasikia watu wazima wakisema kwamba mama huyu alipwa mshahara kwa kucheza na watoto. Punje moja ya mahindi iliyookotwa kwa kidole gumba na cha shahada yaweza kuwa kazi ya majuma sita. Askari apaswa kulielewa hili kuliko raia, maana kuruta hafundishwi kufungua na kufunga bunduki kwa siku moja, bali hufundishwa kipande kimoja kimoja, akakirudia mpaka vidole vijue vyenyewe.

Mengi ya mafunzo hayo hayadai fedha. Kijiko huzungushiwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli ili mpini uwe mnene, mkono dhaifu upate kuukamata. Katika kuvaa shati, mkono dhaifu hutangulia kuingia, na katika kuvua huwa wa mwisho kutoka. Kiti chaweza kutengenezwa na seremala wa kambini, au hata kwa makaratasi ya katoni yaliyobandikwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, mpaka yakawa magumu kama ubao. Lililo kubwa zaidi ni namna ya kulisha. Mtoto anayelishwa akiwa amelazwa chali, kichwa kimeanguka nyuma, hupaliwa, na chakula kiingiapo mapafuni huleta nimonia ambayo yaweza kumwua. Mama akionyeshwa namna ya kumkalisha, hatari hiyo hupungua sana.

Hatari yenyewe si ndogo. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017, ulikuta kwamba watoto karibu 3 kati ya kila 1,000 walikuwa na mtindio wa ubongo. Robo moja hivi ya watoto hao walikuwa wameumia ubongo baada ya kupita siku za uchanga, na malaria inayopanda kichwani ilidhaniwa kuwa mojawapo ya sababu kubwa. Watafiti waliporudi kuwafuatilia, walikuta kwamba watoto hawa hufa kwa kiwango cha mara 25 hivi kupita wenzao. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2020. Hakuna uchawi hapo, wala laana ya ukoo wa mama. Baba anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo atenda dhuluma mara mbili, kwa mke na kwa mtoto.

Sasa tufikirie uhamisho. Askari wa Bombo mwenye mtoto wa namna hii aweza kumfikisha Mulago, au Katalemwa, au hospitali ya CoRSU huko Kisubi. Siku moja yaja amri kwamba aende Moroto, na mizigo yapakiwa. Wataalamu hawa ni wachache na wengi wao wako mijini, basi mama afika kambi mpya asijue pa kuuliza. Mkono uliokuwa umeanza kufunguka waanza kujikunja tena, misuli yafupika, na banzi lililopimwa kwa mkono wa mwaka jana lambana mtoto mpaka latupwa. Mtoto hukua, kiti kilichomfaa mwezi wa Januari humkwaruza mwezi wa Desemba. Baada ya miaka miwili mitatu ya namna hii, kiungo ambacho kingenyooshwa kwa mazoezi huhitaji kisu cha daktari, na pengine hata kisu hakifui dafu.

Hatusemi kwamba jeshi liendeshwe kwa ratiba ya kliniki ya watoto. Ulinzi wa nchi hauna budi kutangulia, na askari aliyetumwa mpakani hawezi kukataa kwa kuwa mwanawe ana miadi. Tunachokisema ni kwamba si kila uhamisho ni wa dharura. Kamanda aletewapo barua ya mtaalamu inayoeleza kwamba mtoto yumo katikati ya tiba, na ikiwa nafasi ile yaweza kujazwa na askari mwingine mwenye ujuzi uleule, tunaona ni haki aipime barua ile kabla hajatia sahihi. Iwapo hapana njia, familia na ipewe muda wa kuonana na mtaalamu mara ya mwisho, ili mama aandikiwe mazoezi ya nyumbani na kuelekezwa hospitali iliyo karibu na huko aendako. Zahanati ya kikosi kipya ipewe habari hiyo.

Kwa ndugu zetu polisi tuna neno la ziada. Sheria ya Watoto ya mwaka 1996 iliwawajibisha wazazi pamoja na Serikali wahakikishe kwamba mtoto mwenye ulemavu anapimwa mapema iwezekanavyo, anatibiwa, na anapata huduma za kumrekebisha na elimu sawa na wengine. Basi polisi akutapo mtoto amefungwa kamba kitandani, asitosheke na kuifungua kamba na kumkaripia mama. Mara nyingi mama huyo amefunga kwa hofu ya moto wa sigiri, kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto aendapo kuchota maji. Ampeleke kwa ofisa wa ustawi wa jamii na hospitalini, aandike alivyokuta, na arudi kutazama.

Na mzazi aliyeko kambini asingoje mtoto atimize miaka mitano ndipo aseme. Mtoto asiyeshika shingo afikapo miezi minne, au asiyekaa afikapo miezi tisa, au atumiaye mkono mmoja tu kabla ya mwaka wa kwanza, apelekwe sasa. Siku ya kwenda, mama achukue kijiko na kikombe anavyotumia mtoto nyumbani, kadi yake ya kliniki, na dawa za kifafa kama anazinywa. Baba naye aombe ruhusa ya siku moja afuatane nao, kwa maana mtaalamu atataka kumfundisha kila atakayembeba mtoto, na mtoto wa miaka saba ni mzito kwa mama peke yake.