"The boys plays" si ujinga

Naanza na daftari la mpwa wangu wa kidato cha kwanza, huku Nyamwaga, Tarime. Zoezi la Kiingereza: sentensi kumi za kujaza kitenzi, saba kakosa. Mojawapo: "The boys plays football." Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu kaandika: "Huna akili?"

Akili anazo, tena za kutosha. Ila hakuna aliyejiuliza kwa nini kakosea vile.

Mtoto huyu kakua na Kikuria nyumbani na Kiswahili shuleni. Zote ni lugha za ngeli, na kitenzi hufuata kiima. Kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika. Wavulana wanacheza: "wa" huku, "wa" kule. Sasa anakuja kuambiwa kwamba kwa Kiingereza "s" ni alama ya wingi: boy, boys. Basi anafanya alivyozoea, alama ya wingi anaipeleka mpaka kwenye kitenzi. Jamani, huyo si mtu asiyejua upatanisho wa kisarufi. Huyo anaujua mno! Kiingereza ndicho chenye vituko: "s" ya nomino ni wingi, "s" ya kitenzi ni umoja.

Nilimwandikia mistari miwili, "The boy plays" na "The boys play", na chini yake "Mvulana anacheza" na "Wavulana wanacheza". Nikamwambia alinganishe. Akakaa kimya kidogo, kisha: "Kumbe hiyo s inahama, mjomba!"

Wapo watakaosema Kiswahili darasani kinaharibu Kiingereza. Hivi Nyerere, Mzanaki wa Butiama, mkoa huuhuu wa Mara, aliharibiwa na nini? Alijifunza Kiingereza akiwa tayari na Kizanaki na Kiswahili kichwani, na mwaka 1963 tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ikachapishwa.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Mtoto akisema "she go", darasa zima linacheka. Mtu mzima na tai yake akisema "kikao imeahirishwa", hakuna hata anayegeuka. Yaani upatanisho ukivunjwa kwa Kiingereza ni aibu, ukivunjwa kwa Kiswahili ni usasa? Kama tunaupenda kweli, tuupende kotekote.

Sisemi mazoezi yaachwe. Ile "s" haishiki kwenye ulimi bila kurudiwarudiwa, na mtihani wa kidato cha nne hauna huruma. Nasema yaanzie kwenye kile mtoto anachokijua, na sentensi ziwe za kwao, siyo za kina John na Mary kila siku. "My uncle digs gold. My uncles dig gold." Huku kwenye machimbo nani hataielewa hiyo? Aandike kumi za namna hiyo kuhusu nyumbani kwao, azisome kwa sauti, wenzake wamsahihishe. Hapo anafanya mazoezi, na papo hapo anaanza kuandika hadithi.

Mwalimu, kalamu nyekundu endelea nayo. Lile swali la pembeni tu ndilo ulifute.