Jicho limepona, mtu bado anajifunza kuona

Katika nyumba nyingi watu hudhani kwamba kazi yote imekwisha siku ile mganga anapofungua kitambaa. Mzee aliyepofushwa na mtoto wa jicho amepasuliwa. Amevihesabu vidole vya mganga, na watu wa nyumbani wamepiga vigelegele. Juma moja baadaye yeye mwenyewe anaanza kunung'unika: shuka nyeupe yaonekana kama imetiwa buluu, nuru ya mchana yamchoma, ngazi ya mlangoni yamdanganya mguu, na kitabu cha nyimbo hakisomeki. Hapo watoto hukasirika: «Baba, tumetoa feza nyingi, sasa wataka nini tena?» Twasema wazi, wanamkosea.

Nyuma ya mboni mna lenzi, mfano wa kioo kidogo kilicho laini, inayokusanya nuru ili tuone sawasawa. Uzeeni huingia ukungu, nayo hugeuka manjano, pengine hata kahawia, polepole mno hata mwenyewe asitambue. Lenzi ya namna hiyo huzuia rangi ya buluu isipite. Inapoondolewa, buluu yote huingia kwa mara moja, na mtu hushangaa. Hakuna kilichoharibika, akili imezoea dunia ya manjano, nayo yataka muda wa kujifunza upya.

Jambo hili lilimpata mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, Claude Monet. Waganga walimwambia habari ya mtoto wa jicho mwaka wa 1912, naye akaogopa kisu miaka zaidi ya kumi, akichora kwa macho yasiyopambanua rangi vizuri. Rafiki yake Georges Clemenceau, aliyekuwa waziri mkuu na tena mwenye kusomea uganga, alimsihi sana. Mwaka wa 1923, mwenye umri wa miaka 82, akapasuliwa jicho la kuume. Je, alifurahi? Hata kidogo! Alikuwa mgonjwa mkaidi. Mara alilalamika kwamba vitu vyote ni vya manjano, mara kwamba ni vya buluu, akamwandikia mganga wake barua za uchungu. Miwani mizito aliyopewa ilikuza vitu na kuvipotosha. Ikambidi ajaribu miwani hii na hii, mingine yenye rangi. Hata mwaka wa 1925 ndipo aliporudi kazini kwa furaha, akaendelea na ile michoro mikubwa ya mayungiyungi, ambayo watu wanaitazama Paris tangu 1927, mwaka uliofuata kifo chake. Kama mtu aliyeishi kwa kutazama rangi alihitaji muda mrefu hivyo, kwa nini tumharakishe mama anayeshona vitambaa?

Kweli, wagonjwa wa leo wana bahati kuliko yeye. Zamani lenzi iliondolewa tu, pasipo kuwekwa nyingine. Mwingereza Harold Ridley aliona, wakati wa vita vya pili, kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani havikuwasha jicho. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alimwuliza kwa nini harudishi lenzi mahali pa ile aliyoitoa. (Wanafunzi wetu wanaoona haya kuuliza, waiweke hiyo moyoni.) Mwaka wa 1949, huko London, Ridley akaanza kuweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho.

Lakini lenzi ya kawaida ya namna hiyo haijikunji kama ile ya asili. Mara nyingi huwekwa kwa kuona mbali. Kwa kusoma na kutunga uzi katika sindano, miwani yatakiwa. Nayo isinunuliwe sokoni siku ya tatu: jicho hutulia baada ya majuma manne hadi sita hivi, ndipo lipimwe. Katika muda huo mzee atie dawa ya matone kama alivyoagizwa, asilifikiche jicho, asiinue gunia, asipande kinga barabarani mpaka mganga amruhusu. Mwalimu wa uimbaji na aimbishe nyimbo anazozijua kwa moyo. Mwenye bustani aelekeze wajukuu, jembe lingoje.

Kunung'unika juu ya rangi kusitutie hofu. Lakini jicho likianza kuuma sana, likiwa jekundu zaidi, au nuru ikipungua, arudishwe hospitalini siku ile ile, wala lisitiwe maji ya majani.

Kuna pia habari ya jicho la pili. Monet alikataa katakata la kushoto lisiguswe, akabaki na macho mawili yasiyopatana. Wazee wetu hufanya vivyo hivyo, wakisema moja latosha. Kisha hukosa kikombe wanapomimina chai. Heri siku ya jicho la pili iulizwe kwa mganga mapema, kabla mzee hajazoea kufumba moja.